SOMO LA ROBO MWAKA: NYUMBA SALAMA KWA WAZAZI WETU WAZEE



Katika toleo hili tunaleta somo linalohusu jambo lililo karibu na kila familia: namna ya kuwasaidia wazazi wetu wazee waendelee kuishi katika nyumba zao wenyewe bila kuumia. Tunaomba lisomwe katika kikao cha kamati, na mwisho yajadiliwe maswali tuliyoyaweka.

Tumeanza na Mnyambe kwa sababu huko ndiko tulikojifunza kwa makosa yetu wenyewe. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Newala na Masasi, vijana wengi wamekwenda Mtwara, Dar es Salaam na kwingineko kutafuta maisha. Nyumbani wamebaki wazee, mara nyingi pamoja na wajukuu. Mzee ana mikorosho yake, shamba lake la mihogo, jirani zake na makaburi ya watu wake. Ukimwambia ahamie mjini kwa mwanawe, anakuuliza: "Huko nitakuwa nani?"

Bibi mmoja tuliyemtembelea alikuwa ameanguka usiku akienda chooni. Hakuvunjika mfupa, lakini kwa wiki kadhaa hakutoka kitandani. Wanawe walitaka kumhamisha, naye akakataa. Sisi tukaona tumjengee choo kipya cha tofali, chenye sakafu ya saruji na bati juu. Tuliporudi baada ya miezi michache, tulikuta choo kimejaa magunia ya mihogo mikavu. Bibi alikuwa bado anatumia kile cha zamani. Tulipomuuliza sababu, alijibu bila hasira: "Wanangu, mmenijengea ngazi mbili. Miguu yangu haipandi. Na mlango wenu nikiufunga, nani atanisikia?"

Tuliona aibu. Tulikuwa tumemjengea bila kumuuliza. Somo hili limetokana na jibu lake.

KWA NINI TUJALI KUANGUKA?

Watu wengi hudhani kuanguka ni ajali ndogo ya uzee. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na walio katika hatari kubwa ni watu waliopita umri wa miaka 60. Mzee akivunjika nyonga kijijini, anahitaji gari, fedha, hospitali na mtu wa kumuuguza. Na asipotibiwa, huenda asisimame tena.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na inaitazama familia kuwa msingi wa matunzo yake. Sisi waamini tunayo pia amri ya kuwaheshimu baba na mama. Heshima hiyo haiishii katika shikamoo. Inafika hadi kwenye kizingiti anachojikwaa.

TUANGALIE NYUMBA HATUA KWA HATUA

1. Njia ya usiku. Ajali nyingi hutokea kati ya kitanda na choo. Ondoeni majembe, dumu na magogo njiani. Fukieni mashimo, ng'oeni visiki. Pangeni mawe yaliyopakwa chokaa pande mbili za njia ili yaonekane gizani. Mzee awe na tochi au taa ndogo ya sola karibu na mkono wake. Kibatari kinaweza kuanguka na kuwasha mkeka au neti.

2. Kitanda. Kisiwe chini sana wala juu sana. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zikanyage sakafu. Mfundisheni asiinuke ghafla: akae kwanza, ahesabu hadi 20, ndipo asimame. Hili ni muhimu zaidi kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu, kwa kuwa huweza kupata kizunguzungu.

3. Kizingiti na ngazi. Kizingiti kinachoweza kuondolewa kiondolewe. Kisichoondoleka kipakwe chokaa. Penye baraza iliyoinuka, jengeni mteremko wa udongo ulioshindiliwa, au ngazi fupi fupi, kila moja isizidi sentimita 15. Wekeni nguzo imara ya kushikia.

4. Choo. Kuchuchumaa kunawashinda wengi wenye magoti mabovu. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kimo cha sentimita 45 hivi, na kukiweka juu ya shimo. Mtini wa kushikia uwekwe ukutani, uchimbiwe chini vizuri. Mlango ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka ndani, mwili wake huzuia mlango unaofunguka kwa ndani.

5. Maji. Tunajua sote taabu ya maji katika uwanda wa Makonde. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, lakini hata leo kaya nyingi hutegemea pia maji ya mvua yanayotoka kwenye bati na kuhifadhiwa katika kisima cha chini kilichojengwa uani. Kisima hicho ni baraka, lakini mdomo wake ukiwa wazi ni hatari kwa mzee na kwa mtoto. Kijengewe ukingo ulioinuka, na mfuniko mzito kiasi cha mtu mzima kuinua. Mzee asiiname kuchota. Mjukuu amjazie ndoo yenye koki, iwekwe juu ya meza.

6. Moto. Miezi ya Juni na Julai baridi ya Newala huwafanya wazee waote moto ndani. Mafiga yakae mbali na kitanda na ukuta wa makuti au nyasi. Jiko lililoinuliwa kwa udongo hadi kiunoni humwondolea mzee kazi ya kuinama, na nguo yake haikaribii moto.

7. Macho na miguu. Nyumba inaweza kuwa salama, lakini mzee mwenye mtoto wa jicho bado ataanguka. Mpelekeni apimwe. Kandambili zilizolika zitupwe. Mkongojo ukatwe kwa kimo chake, sio cha marehemu babu.

NANI AFANYE NINI?

Kazi nyingi tulizotaja hazihitaji fedha. Kusafisha njia, kupaka chokaa, kuondoa kizingiti, haya ni ya familia na vijana wa parokia kwa siku moja. Kiti cha choo, mlango na mitini ni ya kamati pamoja na fundi. Saruji, mifuniko ya visima na taa za sola ndizo tunazowaomba wafadhili watusaidie. Msaada unaokuja kabla ya jirani kutoa nguvu yake hauna mizizi.

Pia kila mzee anayeishi peke yake awe na jirani wa kumbisha hodi kila asubuhi. Hili halina gharama yoyote.

Na yule bibi? Tulirudi na fundi, tukavunja zile ngazi mbili na kuweka mteremko. Tuligeuza mlango. Safari hii yeye mwenyewe alikaa kwenye kigoda akimwelekeza fundi mahali pa kuweka mtini. Mihogo ilihamia darini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuuzibe mapema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu, ni wazee wangapi wanaoishi peke yao au na wajukuu tu? Tunayo orodha yao?
2. Ni nani miongoni mwetu aliyewahi kumuuliza mzee: "Ni wapi hapa nyumbani unapopaogopa?"
3. Ni jambo gani moja tunaloweza kulitengeneza kabla ya kikao kijacho, bila kusubiri fedha?

Tuandikieni majibu yenu, nasi tutayachapa katika toleo lijalo.