Tela Kuukuu Laweza Kuwa Daraja

Kijito kikijaa wakati wa masika, mgonjwa hafiki zahanati. Daraja jipya ni ghali. Huko Marekani wakulima wengine huvuka kwa tela kuukuu la lori, lile bapa lisilo na kuta. Nasi tujifunze.

1. Kagueni vyuma viwili virefu vya chini. Kama vina ufa, vimepinda au vimeliwa na kutu, liacheni tela hilo.

2. Jengeni ukuta wa mawe na saruji kila upande, nyuma ya ukingo unaomomonyoka. Tela likae juu kuliko alama ya mafuriko makubwa.

3. Ondoeni magurudumu. Tela liegemee pale lilipobebwa barabarani: mbele lilipoungwa na lori, nyuma penye magurudumu. Kwa hiyo tela la mita 12 halivushi kijito cha mita 12!

4. Badilisheni mbao zilizooza. Wekeni kingo pembeni.

Kabla ya kujenga, mwoneni mhandisi wa wilaya. Yeye ndiye atakayesema daraja libebe tani ngapi. Andikeni uzito huo kwenye kibao.

Swali la kikundi: Kijito chenu kina upana wa mita ngapi? Nendeni mkapime.