Kamera isikuharibie kidole gumba

Je, wewe ni mpigapicha, na kila Jumapili baada ya kazi ya harusi huwezi hata kufungua chupa ya soda kwa maumivu ya kifundo cha mkono? Kabla ya kulaumu baridi ya Nairobi, angalia jinsi unavyoshika kamera yako.

Wapigapicha wengi wanaoanza kazi, Ngara na kwingineko jijini, hutumia kamera za bei nafuu. Mfano ni Nikon D3500 iliyotoka mwaka wa 2018. Ina gurudumu moja tu la kurekebishia picha, nyuma, penye kidole gumba. Katika hali ya M, gurudumu hilo hubadili kasi ya kufyatua. Ukitaka kubadili tundu la lenzi, sharti kidole cha shahada kibonyeze kitufe cha +/- karibu na kifyatuo, huku kidole gumba kikizungusha gurudumu. Kamera za bei ya juu aghalabu huwa na magurudumu mawili, hivyo vidole husaidiana.

Kamera hiyo ikiwa na betri ina uzito wa gramu 415, na lenzi yake ndogo huongeza gramu 200 hivi. Ukiibeba kwa mkono mmoja kutwa nzima, kidole gumba hubana na kuzungusha bila kupumzika. Kano zake mbili hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo. Ala hiyo ikinenepa, kano husuguana nayo na maumivu huanza. Ugonjwa huu huitwa de Quervain, jina la daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka wa 1895.

Jipime hivi: kunjia kidole gumba ndani ya ngumi, kisha uinamishe mkono polepole upande wa kidole cha mwisho. Maumivu makali upande wa kidole gumba ni dalili.

Ili kujikinga:

• Beba uzito kwa kiganja cha kushoto chini ya lenzi.

• Tumia hali ya A. Hapo gurudumu hubadili tundu bila kitufe kingine.

• Acha kamera ining'inie kwa mkanda unapongoja.

• Kabla ya kununua, ishike dukani na ujaribu kila kitufe.

Maumivu yasipopungua baada ya wiki mbili za kupumzisha mkono, mwone daktari. Anaweza kukupa kifaa cha kutuliza kidole au sindano. Upasuaji huhitajika mara chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta.