Kabla ya kulipa minerivali (ada ya shule): jinsi ya kulinganisha lise za komini

Milimani juu ya Bujumbura, kuanzia Isale hadi Mubimbi, mzazi ambaye mtoto wake amemaliza darasa la tisa la shule ya msingi (ekofo) hubaki na lise mbili tatu za komini za kufikiria. Shule za bweni huchukua wenye alama za juu. Walio wengi husoma kutwa karibu na kwao. Mtihani wa taifa wa darasa la tisa huamua mengi, lakini penye nafasi ya kuchagua au kuomba uhamisho, usitegemee sifa za kusikia.

Utatajiwa kwanza asilimia ya waliofaulu mtihani wa dola, ule wa mwisho wa lise. Isikilize, kisha uliza swali la pili: miaka 3 iliyopita, waliingia wangapi mwaka wa kwanza? Tuseme lise moja ilifanyisha mtihani wanafunzi 40, wakafaulu 36. Jirani yake ilifanyisha 70, wakafaulu 49. Ya kwanza inang'aa: asilimia 90 dhidi ya 70. Lakini kama ile ya kwanza ilianza na 110 na ya pili na 80, basi ya kwanza imefaulisha karibu mtoto mmoja katika kila watatu, na ya pili imefaulisha zaidi ya nusu. Wako waliohama na waliorudia darasa, ndiyo, kwa hiyo mwombe mkuu wa shule akueleze hao wengine walienda wapi. Mkuu anayewajua wanafunzi wake atakuwa na la kukwambia. Mimi swali hili naliweka mbele ya mengine yote, maana mtoto wako anaweza kuwa miongoni mwa hao wasiohesabiwa.

Pili, omba kuona daftari la fizikia au hesabu la mtoto wa jirani anayesoma pale. Ratiba ukutani inaonyesha kilichopangwa. Daftari linaonyesha kilichofundishwa. Fuata tarehe. Ukikuta wiki tatu tupu katikati ya muhula, huenda mwalimu aliondoka na mwingine hajapatikana. Linganisha na daftari la hesabu kutoka lise nyingine, mwaka uleule, mwezi uleule. Walimu wa masomo ya sayansi ni haba vijijini, na mtoto anayetaka mkondo wa sayansi asipelekwe mahali ambapo mkondo huo upo kwa jina tu. Uliza pia kitabu kimoja kinasomwa na wangapi.

Kifaransa nacho kisisahauliwe. Nyumbani tunasema Kirundi, wengine Kiswahili, lakini masomo mengi ya lise na mitihani yake ni kwa Kifaransa. Simama nje ya darasa kidogo: wanafunzi wanauliza maswali, au wananakili ubao tu?

Vyoo vya wasichana vitazame mwenyewe, kama vina mlango unaofungika na maji karibu.

Mwisho ni njia ya kwenda shuleni. Itembeeni wewe na mtoto, alasiri ya mvua, kwa mwendo wake, si wako, na uangalie saa. Hesabu mito inayofurika na vipande visivyo na nyumba. Njia ikizidi nguvu zake, watu watakushauri umpangie chumba karibu na shule. Kwa mtoto wa miaka 15 au 16 kuishi peke yake, msichana hasa, hatari ni kubwa. Afadhali lise ya wastani ambayo akitoka huko anafika nyumbani kabla ya giza.