Rejea za Waandishi Wanawake: Vidokezo kwa Mwanafunzi wa Fasihi

Mada ya tasnifu imepita, msimamizi anadai rejea, na pesa ya vitabu ndiyo hiyohiyo ya nauli. Kabla hujalipa au hujajaza fomu ya kuazima, pitia haya.

1. Anzia kwenye faharasa. Utangulizi huahidi mengi. Kurasa za nyuma ndizo zinazosema kweli. Mtafute Grace Ogot. Ukikuta ametajwa ukurasa mmoja huku na mwingine kule, huyo amesalimiwa tu, hakuhakikiwa. Florence Stratton, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu fasihi ya Afrika na siasa za jinsia, alimpa sura nzima, na wakapata zao Flora Nwapa, Buchi Emecheta na Mariama Bâ. Ukipata nafasi ya kuazima kimoja tu, azima hicho.

2. Mwandishi mwanamke si mhusika mwanamke. Vitabu vya mambo haya mawili hukaa rafu moja na vichwa vyao hufanana. Vamps and Victims cha Elena Bertoncini (1996) kinafaa sana kwa anayechunguza jinsi wanawake walivyochorwa katika fasihi ya Kiswahili. Kama unawachunguza walioshika kalamu, hicho kitakusaidia kidogo tu.

3. Usiridhike na mhakiki mmoja. Mchukue Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mnamo 1858. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa jina la Kiingereza linalosisitiza wajibu wa mke, na wasomaji wengi waliofuata wakamwona mama anayefundisha utii, basi. Mwaka 1991 Ann Biersteker akausoma upya: je, mbona hatuulizi kama kuna kejeli humu? Je, huyu si mama anayemwonyesha bintiye namna lugha inavyoweza kumpa mwanamke nguvu? Kwa maoni yangu hiyo kejeli haionekani kila mahali inapotafutwa, lakini swali lenyewe ni zito, na tasnifu inayolikwepa itaulizwa siku ya utetezi. Soma pande zote mbili, kisha urudi kwenye beti zenyewe. Tendi cha J.W.T. Allen (1971) kina matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri, kwa hiyo unaweza kumkagua mhakiki ubeti kwa ubeti.

4. Tazama mwaka. Lloyd Brown aliandika kuhusu waandishi wanawake wa Afrika mwaka 1981, na kwa Ama Ata Aidoo na Bessie Head bado anasomeka. Ila Tsitsi Dangarembga alitoa Nervous Conditions mwaka 1988. Usimnukuu Brown ukaandika “hadi sasa”.

5. Mkusanyiko ni mlango tu. Women Writing Africa: The Eastern Region (2007), ambao Amandina Lihamba, M.M. Mulokozi na Saïda Yahya-Othman ni miongoni mwa wahariri wake, una sauti za Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia. Kazi za Kiswahili humo utazikuta kwa Kiingereza. Ukitaka kunukuu, itafute matini asilia.

6. Chagua toleo lenye maelezo. Kumbukumbu za Emily Ruete, yaani Sayyida Salme wa Zanzibar, zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886 na zimechapwa mara nyingi. Toleo la E. van Donzel (1993) lina maelezo ya mhariri na maandishi mengine ya Ruete, zikiwemo barua.

7. Usidharau makala. Kwa Penina Muhando, makala nzuri katika jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaweza kukufaa kuliko kitabu kinene kinachompa aya mbili. Na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua tamthilia yake yenyewe, Nguzo Mama. Wahakiki utawasoma maktaba.