Shokapu za Nyuma Zirekebishwe Kabla ya Kupakia

Leo somo letu ni pikipiki. Siku hizi huko kwetu vijijini pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito zahanati, na ndiyo inayopeleka mahindi mashineni. Lakini somo hili tumelichukua Mbagala, wilaya ya Temeke, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Huko barabara nyingi za ndani ni mchanga na mashimo, na vijana wa bodaboda hushinda juu ya pikipiki tangu alfajiri.

Tulimkuta fundi chini ya mwembe. Kijana mmoja alikuja analalamika: "Fundi, nikipakia abiria na mzigo, inagonga chini. Mgongo wote unaniuma." Fundi hakushika spana. Aliuliza kwanza, "Umeiweka ngazi ya ngapi, mdogo wangu?" Kijana hakujua kwamba shokapu ina ngazi. Na sisi tulikuwa hatujui.

Tazameni nyuma ya pikipiki. Kila upande wa gurudumu kuna shokapu, yaani springi nene iliyozunguka bomba. Springi inabeba uzito. Ndani ya bomba mna mafuta, na kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Penye mwisho wa springi kuna pete iliyokatwa ngazi ngazi. Pikipiki nyingi ndogo zina ngazi 3 hadi 5. Pete ikipandishwa ngazi, springi inabanwa na nyuma ya pikipiki inainuka. Watu husema springi imekuwa ngumu. Sivyo. Imeinuliwa tu, ili mzigo usiizamishe mpaka mwisho.

Nyuma ikizama sana, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unayumba. Usiku taa inamulika vilele vya minazi badala ya barabara. Na nyuma yako huenda amekaa mama mwenye mtoto mgongoni.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma lining'inie. Osha matope kwenye pete. Geuza kwa spana yenye ndoano. Wengine hugonga kwa tindo na nyundo. Pete huliwa, halafu siku nyingine haishiki. Ukipandisha ngazi moja kulia, pandisha moja kushoto. Zikipishana, pikipiki itakusumbua kwenye kona.

Dereva akiwa peke yake, ngazi ya 1 au 2 inatosha. Akipakia, apandishe. Ukitaka uhakika, chukua futi ya fundi cherehani. Gurudumu likiwa linaning'inia, pima kutoka nati ya katikati ya gurudumu mpaka alama uliyoweka juu yake kwenye madigadi. Tuseme umepata sm 38. Sasa ondoa stendi, dereva akae, mwenzake apime tena. Akipata sm 35, pikipiki imezama sm 3. Kama gurudumu lina nafasi ya kupanda sm 10, hapo ni sawa, maana ni karibu theluthi moja. Ikizama sm 5, pandisha ngazi.

Pitisha kitambaa kwenye bomba. Kikitoka na mafuta mengi, shokapu hiyo imekufa, na pete haitaifufua. Nunua mpya mbili, si moja. Wala usijaribu kuifungua springi nyumbani. Imebanwa kwa nguvu, na ikichomoka inaweza kumtoa mtu jicho.

Kijana akauliza, "Na nikibeba mishikaki, niweke ngazi ya ngapi?" Mishikaki ni abiria wawili au watatu kwa pamoja. Fundi alimkata kauli: "Ngazi ya mishikaki haipo." Hata sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Mwisho alitazama cheni, maana nyuma ikiinuka au ikishuka, mkazo wa cheni nao hubadilika. Kwa pikipiki nyingi inatakiwa icheze juu na chini sm 2 hadi 3 hivi. Kijana aliwekewa ngazi ya 4 pande zote mbili, akaambiwa jioni akirudi bila mzigo aishushe.