Bima ya Boda Boda: Abiria Analindwa na Cheti Kipi?

Abiria anayeshuka gatini Mokowe na kupanda boda boda kwenda Hindi huuliza nauli. Habari za bima haulizi. Hata hivyo, pikipiki ikianguka njiani, cheti ambacho hakukitazama ndicho kitakachoamua kama atapata fidia.

Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inakataza kuendesha chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akiendeshe, bila bima ya mtu wa tatu. Gari, tuktuk na pikipiki zote zimo (punda amesalimika). Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayempa kijana aendeshe na kumletea hesabu jioni naye ana kosa, hata kama yuko nyumbani amelala.

Wengi huponzwa na bei. Bima ya matumizi binafsi huwa nafuu, lakini sheria haiilazimishi imlinde anayebebwa. Anayebeba watu kwa nauli anatakiwa awe na bima inayowahusu abiria hao. Akiwa na ile ya binafsi, kampuni ya bima inapata hoja ya kukataa kulipa, na fidia ya mguu uliovunjika itadaiwa kwake mwenyewe. Shamba la Mpeketoni laweza kuuzwa kwa deni kama hilo.

Hata bima sahihi ina mipaka. Kiwango ambacho sheria inalazimisha kwa dai moja la kifo au majeraha ni shilingi milioni 3. Mahakama ikiamua zaidi, kinachobaki humwangukia aliyesababisha ajali. Na lazima hiyo ni kwa madhara ya watu tu. Ukuta uliobomolewa au punda aliyegongwa hutegemea mkataba unasemaje, basi heri usomwe kabla ya kulipia.

Kwenye cheti, yakaguliwe mambo matatu: nambari ya usajili, tarehe ya mwisho, na aina ya matumizi. La tatu ndilo husahaulika.

Aliyeumia aripoti polisi mapema, achukue nambari ya tukio, na aandike nambari ya chombo pamoja na jina la kampuni ya bima. Kesi ya kudai fidia ya majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.