Yusufu Hakuulizwa Upande Wake

SOMO LA WIKI
Andiko la msingi: Mwanzo 39:7-20
Soma pia: Mwanzo 13:5-12, 40:14-15, Matendo 6:1-7, Mathayo 18:15-17

Wengi wetu hapa Mowlem tunatoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Kuna wa karakana za Kariobangi Light Industries, wa mjengo, wa saluni, wa kufua nguo za watu, wa viwanda vya Industrial Area. Na swali ninaloulizwa mara nyingi baada ya ibada linatoka huko: "Pasta, ninyamaze ama niseme?"

Nilisomea biashara chuoni, na jambo moja nililofunzwa huko linapatana na Neno: mgogoro ni kitu kimoja, uonevu ni kingine. Tukivichanganya, tunaumiza watu.

1. Mgogoro hutafutiwa chanzo
Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu mifugo ilikuwa mingi na malisho hayakutosha. Abramu alimwacha Lutu achague upande kwanza, ugomvi ukaisha. Katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu 7 wa kusimamia mgao. Hata kazini kwako, ugomvi mwingi ni wa zamu, wateja, ama nani afunge duka. Bandikeni zamu ukutani, gawaneni kwa haki, na mambo yatapoa.

2. Uonevu haupatanishwi, unakomeshwa
Mke wa Potifa alimsumbua Yusufu siku baada ya siku. Yusufu alikataa, akaeleza sababu, akajiepusha naye, mwishowe akakimbia. Bado alisingiziwa, na hatusomi popote kwamba Potifa alimuuliza upande wake. Akatupwa gerezani. Mtu kama huyo huwezi kumwambia, "Patana tu na bosi wako." Matusi ya kila siku, kushikwashikwa, kuitishwa mwili ndio usipoteze kazi: huko si kutoelewana. Ni dhambi, na sheria ya Kenya inakukataa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, inayoonyesha malalamiko yanapelekwa wapi. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, aelezwe kosa kwa lugha anayoelewa, mwenzake wa kazi akiwepo, na asikilizwe. Yusufu hakupata hiyo nafasi. Wewe unayo.

3. Cha kufanya
Kama ni mgogoro, fuata Mathayo 18: ongea naye mkiwa wawili, halafu na shahidi, halafu kwa wenye mamlaka. Kama ni uonevu, usijifungie naye ofisini. Andika tarehe, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Usifute meseji. Peleka kwa mkubwa mwingine, chama cha wafanyakazi ama afisa wa leba. Ukipigwa au ukishikwa kwa nguvu, nenda polisi. Ukifutwa bila haki, una miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba.

Wengine husema aliyeokoka husamehe na kunyamaza. Kusamehe, ndiyo. Lakini Yusufu akiwa gerezani alimwambia mnyweshaji wa Farao waziwazi kwamba hakufanya kosa, akamwomba amtaje kwa mfalme. Kusema ukweli hakukumzuia baadaye kuwasamehe ndugu zake.

Na sisi tulioajiri, hata kama ni dada mmoja wa kazi nyumbani, tuisome hadithi hii tukisimama pale Potifa alipokuwa. Kabla hujamfukuza, je, umemsikiliza?

Ya kujadili katika kundi la nyumbani: Shida uliyo nayo kazini ni mgogoro ama uonevu? Ni nani kati yetu anahitaji wa kumsindikiza akaseme?